UZI: Koa wa rangi kwenye tangi la mteja, na sponji aliyokuja nayo inaoza. Nimlishe nini?

Fundi Chumvi (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi wa matangi ya samaki hapa Nairobi, huu mwaka wa tisa. Maji baridi ndiyo yanayonilisha, lakini nina wateja watatu wa maji ya chumvi, na mmoja wao wa Lavington ndiye amenileta hapa.

Majuma mawili yaliyopita aliletewa jiwe la matumbawe kutoka Pwani, limezungushiwa magazeti yaliyoloweshwa. Jiwe ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Upande wa chini lilikuwa na kitu laini chenye matundu, chekundu kama tope la Limuru mvua ikinyesha. Nikajua hii ni sponji. Nikaligeuza jiwe, wekundu ukae juu, mteja aone alicholipia.

Ambacho sikukijua ni kwamba jiwe lilikuwa na abiria. Usiku wa pili nikimulika tochi nikamwona anatambaa juu ya sponji. Urefu sentimita tatu, nilimpima kwa rula kupitia kioo. Mistari myeusi na meupe imetoka kichwani mpaka mkiani, na mwili mzima umezungushiwa ukingo wa rangi ya chungwa, kama leso iliyotiwa pindo. Mbele ana pembe mbili za chungwa. Nyuma ana kishada cha rangi hiyo hiyo kinachochanua. Ukigonga kioo, kishada kinadumbukia mwilini pwaa, hukioni tena mpaka atulie.

Watoto wa mteja wamempa jina Pipi. Sasa shida: sponji imeota ukungu wa kijani, chini ya ukungu imegeuka kijivu, na inanuka. Pipi hali kitu. Nimempa sukuma wiki ya kuchemsha, uduvi, chakula cha vidonge, hata tango. Anavipita kama mtu aliyefunga Ramadhani. Siku ya tano pampu nusura imvute, nikamweka kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu kinachoning'inia ndani ya tangi lile lile. Leo nimempima tena: sentimita mbili na nusu.

Nimlishe nini?

Kiroboto wa Umoja

Buda, kwa shosho koa akiingia kwa kabeji anawekewa chumvi kijiko kimoja, kesi imekwisha.

Fundi Chumvi

Huyu anaishi ndani ya gramu 35 za chumvi kwa kila lita, Kiroboto. Nenda ukalale.

Mvuvi Mstaafu

Salaam aleikum fundi. Nimezamia upande wa Wasini na Shimoni zaidi ya miaka ishirini, sasa magoti yamenileta Kasarani kwa mwanangu. Hicho kidudu nakijua. Sisi hatukuwa na jina lake maalumu. Kisicholiwa na kisichouzwa, mvuvi hahangaiki kukipa jina. Wengine wakimwita koa, wengine konokono uchi, basi.

Jibu la swali lako ni fupi: hakuna cha kumlisha. Huyo hula sponji, na si sponji yoyote, ni ile yake. Ng'amba, yule kasa, naye hula sponji, lakini ng'amba ana mdomo wa kasuku na hula za aina nyingi. Huyu wako ukimwekea sponji ya jirani atalala na njaa.

Maji ya bamvua yakitoka sana, ukitembea mwambani kutafuta pweza, usimtafute koa. Tafuta ile sponji. Inama, chungulia chini ya jiwe kwenye kivuli, utamkuta juu yake au umbali wa kiganja. Ukiinua jiwe ulirudishe kama lilivyokuwa. Wazee walitufokea sana kwa jambo hilo. Jiwe likikaa kifudifudi, kila kilicho chini yake ni mali ya giza.

Mama Tangi

Kumbe sponji ni mnyama? Mimi nilidhani ni mmea miaka yote hii naoshea vyombo.

Dada Darubini

Mama Tangi, ni mnyama, ingawa ya vyombo nyingi siku hizi zinatoka kiwandani. Zile za kuogea za baharini hufugwa hata hapa jirani, akina mama wa Jambiani kule Unguja wanazilima kwa kamba baharini. Sponji haina ubongo wala tumbo. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo visivyoonekana, seli zenye vimkia zinayasukuma, chakula kinachujwa humo humo, kisha maji yanatoka kwa tundu kubwa. Hayo ndiyo maisha yake yote.

Fundi, kabla hujaitupa hiyo ya kijivu, ipime. Zima pampu. Chukua rangi ya keki, changanya na maji ya tangi, vuta kwa sindano isiyo na ncha, achia tone polepole karibu na ngozi ya sponji. Ikiwa hai utaona rangi ikitoka kwa lile tundu kubwa kama moshi wa bomba. Ikiwa imekufa, rangi itaning'inia palepale.

Sasa kuhusu Pipi. Kwa maelezo yako yuko kwenye jenasi *Chromodoris*. Kile kishada ni matamvua yake, anapumulia nje nje, ndiyo maana jina la kitaalamu la kundi zima la makoa hawa, Nudibranchia, maana yake ni "matamvua uchi". Kundi hilo lina spishi zaidi ya 3,000 zilizoelezwa. Zile pembe si macho. Ni pua. Kwa macho anatofautisha mwanga na giza tu, hajui kwamba ni mrembo.

Na urembo wenyewe ni tangazo. Sponji haiwezi kukimbia, kwa hiyo hujihami kwa sumu. Koa huyu hana kombe, hakimbii, haumi. Anachofanya ni kukwangua sponji kwa ulimi wenye meno madogo kama tupa, anaimeza pamoja na sumu yake, kisha sumu anaitenga na kuiweka ghalani. Ghala liko wapi? Kwenye pindo. Ule ukingo wa chungwa unaouona, chini yake kuna vitezi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2016 uliwachunguza *Chromodoris* wa spishi tano. Mwilini mwao mlikuwa na kemikali mbalimbali za sponji, lakini pindoni walikuwa wameweka moja tu, latrunkulini A. Katika vyote walivyokula walichagua kitu kimoja, wakakiweka pale samaki anapoanza kuuma.

Fundi Chumvi

Dada, umenikumbusha jambo. Kabla sijamtenga, kuna samaki mdogo wa manjano alimdona kwenye pindo. Alimtema papo hapo, akaenda kusugua mdomo kwenye mchanga mara tatu nne. Tangu siku hiyo hata kivuli cha Pipi anakikwepa. Nilidhani ni utamu umemzidi.

Dada Darubini

😂 Ni uchungu, fundi.

Hiyo latrunkulini naijua kwa mkono. Ilitolewa kwanza kwenye sponji ya Bahari ya Shamu, *Negombata magnifica*, ambayo ndiyo chakula cha *Chromodoris quadricolor*, ndugu wa huyu wako. Ile sponji ukiikamua ndani ya tangi, samaki wanakufa kwa dakika chache. Kazi ya sumu yenyewe ni kuzuia protini iitwayo aktini isijipange. Aktini kwenye seli ni kama yale majukwaa ya miti wanayofunga wajenzi pale Ngara, ukiyaondoa ghorofa halina umbo. Nimewahi kuitumia maabara. Seli imejitandaza kwenye kioo kama kiganja, unaweka tone, unachungulia: vidole vinarudi kimoja kimoja, mwisho seli imekuwa duara kama tone la mafuta kwenye maji. Kila maabara ya seli duniani inaijua.

Na koa naye ana aktini kama mimi na wewe. Ndiyo maana sumu anaifungia ghalani, haiachi ikizurura mwilini.

Kwa hiyo tahadhari, na hii ni ya haraka: Pipi akifia ndani ya tangi bila kuonekana, anaweza kuondoka na samaki wa mteja. Weka mkaa wa kuchujia mpya, na umwangalie asubuhi na jioni.

Kiroboto wa Umoja

Yaani kako na sentimita mbili na kanaweza kufunga tangi la laki tatu. Heshima yako Pipi. Ile mambo ya chumvi nimeifuta.

Mama Tangi

Dada, sumu ya namna hiyo haiwezi kuwa dawa?

Dada Darubini

Ya sponji nyingine, ndiyo. Eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani 2010, ilitengenezwa kwa kuiga halichondrini B ya sponji ya Japani. Sitarabini ya saratani ya damu nayo chanzo chake ni sponji ya Karibi, hiyo iliidhinishwa 1969. Lakini kati ya sponji na sindano ya daktari kuna miaka mingi ya kazi, tafadhali mtu asiende Tiwi kutafuna kitu chekundu.

Makabrasha

Nimechelewa kuingia, lakini mada hii ina mkia mrefu na mkia wenyewe unapita hapa Nairobi.

Kuna koa wa mwambao wetu anaitwa *Chromodoris africana*, mistari myeusi na meupe, ukingo wa chungwa, sawa na maelezo ya fundi. Ukitazama jina lake kamili utakuta: *Chromodoris africana* Eliot, 1904. Huyo Eliot ni nani? Ni Sir Charles Eliot. Yule yule. Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza kuanzia mwisho wa 1900 hadi 1904, aliyepigia debe walowezi wazungu waletwe nyanda za juu. Alijiuzulu 1904 kwa ugomvi na serikali yake London kuhusu ugawaji wa ardhi.

Mchana anaandika barua za nani apewe ardhi ya Wamasai, usiku anahesabu meno ya ulimi wa koa. Mwaka ule ule 1904 aliojiuzulu ndio mwaka wa jina la huyo mnyama. Na hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa bingwa hasa: mfululizo mzima wa makala kuhusu makoa wa Zanzibar na Afrika Mashariki ni wake, na aliendelea nao hata alipokwenda kuongoza vyuo vikuu, Sheffield kisha Hong Kong, na baadaye kuwa balozi Japani. Alifariki 1931 akiwa melini, njiani kurudi kwao.

Mimi nikipita Uhuru Highway kwenye foleni huwa nawaza: mtu aliyeweza kuinama saa nzima kumtazama kiumbe wa sentimita tatu kwa uangalifu wote huo, aliwatazamaje watu?

Mvuvi Mstaafu

Makabrasha, hao makoa hakuwatoa mwambani yeye peke yake. Kuna mtu alilowa.

Makabrasha

Umenena, mzee wangu. Na huyo aliyelowa jina lake halimo kwenye jina la mnyama.

Fundi Chumvi

Taarifa. Nimefanya jaribio la rangi ya keki kwenye sponji ya kijivu, sehemu sita. Rangi imening'inia tu. Imekufa yote. Nimeikwangua kwa kijiko, harufu yake siwaelezi, nimebadilisha robo ya maji na kuweka mkaa mpya.

Mteja anasema nipige simu Pwani iletwe sponji nyingine ya aina hiyo, pesa si tatizo. Muuzaji aliyeleta jiwe anasema "sponji ni sponji" na atatuma yoyote nyekundu. Nikamuuliza jiwe lilitoka wapi na kibali kiko wapi, akakata simu.

Pia nimewaza jambo lingine. Kuna basi la usiku la Mombasa. Ndoo yenye kifuniko, pampu ndogo ya betri, kesho alfajiri yuko baharini. Mwasemaje?

Mvuvi Mstaafu

Sponji nyingine usiagize. Ile ya kwanza ilikufa kwa sababu ya kutolewa kwake na kuwekwa juani, na ya pili itakufa vilevile. Wakiitoa ndani ya hifadhi, Kisite au Watamu, hilo ni kosa la sheria. Humo hutoi hata kombe tupu.

Lakini basi nakubali. Mimi ningemrudisha. Bahari ndiyo kwao.

Dada Darubini

Mzee, naomba nikupinge kwa adabu. Tangi hilo lina samaki na matumbawe ya nchi nyingine. Aliyekaa humo majuma mawili anaweza kubeba vimelea ambavyo Pwani yetu haivijui. Kanuni ya wafugaji wote wa maji ya chumvi ni hiyo: kilichoingia tangini hakirudi baharini. Isitoshe, utamshushia wapi? Ukimwacha ufukweni Mombasa mahali pasipo na sponji yake, umebadilisha tu chumba cha kufia.

Mvuvi Mstaafu

Nimekuelewa binti yangu. Ila kumwacha mtu afe kwa njaa mbele ya macho yako eti kwa sababu ya kanuni, moyo wangu umekataa. Mtanisamehe.

Fundi Chumvi

Sijaamua. Mteja naye hataki kusikia habari ya basi, watoto watalia.

Halafu jana usiku Pipi ametaga! Utepe mwembamba rangi ya manjano iliyopauka umesimama kwenye ukuta wa kisanduku, umejizungusha kama chapati ya maji iliyokunjwa roli. Upana wa mzunguko kama kifuniko cha soda. Ukiweka tochi nyuma yake unaona punje nyingi mno, kama chembe za semolina. Lakini yuko peke yake, baba ni nani?

Dada Darubini

Kila koa wa aina hii ni baba na mama kwa pamoja. Wakikutana wanasimama ubavu wa kulia kwa kulia, wanapeana mbegu pande zote mbili, na mbegu hizo anaweza kuzihifadhi. Kwa hiyo alikutana na mwenzake Pwani kabla ya kung'olewa.

Usimpe mteja matumaini. Viluwiluwi wakianguliwa wana kombe dogo la kuzunguka, ndiyo, konokono kabisa, na wanaelea wakila vimea vya kijani visivyoonekana kwa macho. Kombe wanalivua baadaye wanapotulia chini, na wengi hawatulii mpaka wasikie harufu ya chakula chao. Tangini kwako kwanza kuna pampu, pili hakuna harufu hiyo.

Mvuvi Mstaafu

Yule mkubwa mwekundu, anayeogelea kama joho la bibi harusi kwenye upepo, ndiye hutaga utepe kama ua la waridi. Sijaona samaki akiugusa.

Dada Darubini

*Hexabranchus*, mzee. Naye anapata sumu kwa sponji anazokula, na mayai anayapa sumu nyingi kuliko anayojibakizia mwenyewe.

Mama Tangi

Mama ni mama, hata akiwa baba.

Fundi Chumvi

Wadau, Pipi amekwenda.

Siku nne nimekuwa nikipita asubuhi na jioni kama alivyoagiza Dada. Juzi alikuwa sentimita mbili kasoro, kishada hakifunguki vizuri. Jana stima ilipotea Lavington kuanzia saa nane mchana, betri ya akiba ikashika. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta amening'inia kichwachini kwenye uso wa maji ndani ya kisanduku, rangi zote zipo, pindo lile lile la chungwa, lakini nilipomgusa kwa upawa hakujikunja. Nimemtoa hapo hapo. Kisanduku nacho nimekitoa na maji yake. Samaki wote wazima mpaka sasa ninavyoandika, saa tatu usiku. Utepe ulikwisha pauka tangu Jumapili, sijui kama kuna aliyetoka.

Sasa sehemu ambayo nilitaka niifiche, kisha nikaona haifai.

Baada ya kumtoa niliamua kulisugua jiwe lote, lisije likachafua maji. Nikaligeuza, kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilipoligeuza mwenyewe ili mteja aone wekundu. Kwa chini, kwenye mpasuko ambao mwanga haufiki, kuna sponji. Nyekundu ile ile. Ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Na pembeni yake kuna alama za kukwanguliwa, njia nyembamba nyeupe kwenye wekundu, upana wa kichwa cha Pipi. Zimeanza kujifunika.

Maana yake zile siku tano za kwanza, kabla sijamtia kisandukuni, alikuwa anashuka usiku kula huku chini. Mimi nikaja na huruma yangu nikamning'iniza sentimita ishirini juu ya chakula chake.

Kiroboto wa Umoja

Aki fundi. Pole.

Mvuvi Mstaafu

Pole mwanangu. Pampu ingemsaga. Ulifanya ulichokiona.

Dada Darubini

Pole sana. Hilo la pampu mzee amesema kweli. Na kipande kama hicho kisingemtosha muda mrefu, angekimaliza. Umekijaribu kwa rangi?

Fundi Chumvi

Nimekijaribu. Nilizima pampu, nikaingiza mkono mpaka kwapani, jiwe nikaliinua kidogo upande mmoja, tochi nimeibana kwa meno. Tone la kwanza halikufanya kitu, nadhani mkono ulitikisika. La pili lilikaa kwenye ngozi kidogo, likapotea. Nikahesabu kimoyomoyo. Kisha kwenye kitundu kimoja ambacho sikuwa nimekiona kabisa, kidogo kama tundu la sindano ya charahani, kukatoka uzi wa bluu, ukapanda, ukajikunja.

Mtoto mdogo wa mteja alikuwa nyuma yangu. Akauliza kama huyo naye ana jina.

Mvuvi Mstaafu

Jiwe umelirudisha namna gani?

Fundi Chumvi

Wekundu chini, mzee.